Bibi wa Laela na Frateri Mwoga

Somo la kutafakari: Lk 24:13-35, Ebr 13:2



Leo naanza na kituko changu mwenyewe. Cheka kwanza, halafu tutafakari pamoja.

Mwezi Juni nilisafiri kwenda Sumbawanga, kwenye daraja la ushemasi la rafiki yangu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufika Ufipa. Wenzangu walinitania wiki nzima: "Frateri, Sumbawanga? Usile chakula cha mtu usiyemjua, utarudi fisi!" Nikacheka nao. Mimi nina digrii ya falsafa, nimemsoma Aristotle na Mtakatifu Thomas, niogope nini?

Basi likasimama Laela tupate chakula. Baridi ilikuwa kali, si unajua Ufipa ni uwanda wa juu. Mgahawa ulijaa, nafasi imebaki moja tu kwenye benchi, pembeni ya wazee wawili, mbele yangu bibi mwenye macho mekundu sana. "Shikamooni." "Marahaba, karibu." Nikakaa. Mara kitu kikanigusa mguu chini ya meza. Nikaruka! Kumbe ni kuku mweusi ndani ya kikapu. Kuku mweusi, jamani.

Mhudumu akasema mboga imekwisha, umebaki ugali. Bibi akanisogezea bakuli lake la migebuka. "Kula, mjukuu wangu."

"Asante bibi, nimeshiba." Hapohapo tumbo likanguruma, meza nzima ikasikia.

"Frateri," bibi akasema polepole, "usishindane na njaa."

Nikaganda. Sikuvaa kanzu wala rozari. Amejuaje?

"Unakwenda kwenye ushemasi. Na zawadi umeisahau Mbeya, kwa dada yako."

Kweli tupu! Falsafa yote ikaniruka. Nikaanza Salamu Maria kimoyomoyo, jasho linanitoka kwenye baridi ile.

Mzee mmoja akacheka mpaka akapaliwa. Bibi naye akashindwa kujizuia. "Mjukuu wangu, nimekaa kiti cha nyuma yako tangu Tunduma. Umeongea na simu nusu saa, tena kwa sauti ya mahubiri. Basi zima tunajua zawadi iko Mbeya!"

Kumbe naye alikuwa anakwenda kwenye ushemasi uleule. Ni mama wa WAWATA, na yule kuku ni zawadi ya shemasi.

Nikanawa, nikala. Kisha nikamwomba msamaha na kumweleza utani wa wenzangu. Tabasamu likamtoka. "Macho haya ni moshi wa kuni. Nimepika tangu utoto. Lakini wapo watoto wanaonikimbia. Na kuna vikongwe wenzangu, huko kwingine, hawakukimbiwa tu." Hakumalizia. Sote pale mezani tulielewa. Katika nchi yetu wazee wameuawa kwa sababu ya macho mekundu na maneno ya watu.

Tujifunze nini?

1. Hofu yangu iligusa amri ya kwanza. Katekisimu (KKK 2117) inakataza uchawi na ulozi, na hilo wengi tunalijua. Lakini kumwogopa anayedhaniwa mchawi kuliko ninavyomtumaini Mungu, nako ni kumpunguzia Mungu nafasi yake. Wenyeji hueleza kwamba jina Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Sisi tumeligeuza kuwa utani wa kuogopesha. Tena ukanda huu una Ukristo wa siku nyingi: Wamisionari wa Afrika walianza kazi Karema mwaka 1885.

2. Utani wetu uligusa amri ya nane. KKK 2477 inafundisha kwamba kuliamini kosa la jirani bila msingi wa kutosha, hata kimoyomoyo, ni kumhukumu isivyo haki. Mimi sikumtukana bibi. Nilimhukumu kimya kimya, kwa macho yake na kuku wake. Anayeshika panga naye huanza na dhana kama hiyo, kisha wengine huikuza kwa maneno. Utani unaomfanya mzee wa watu aogopwe si utani tena.

3. Yesu hujulikana mezani. Wale wawili wa Emau walitembea na Bwana wakamwona mgeni tu, asiyejua hata habari za mjini. Walimkaribisha, na macho yao yakafumbuliwa alipoumega mkate. Wangemwacha aende zake, wangelala na huzuni yao. Mimi nilibakiza kidogo tu niondoke Laela na njaa yangu, na hofu yangu, na uongo moyoni.

Maswali ya wiki: Ni nani ninayemwogopa kwa sababu ya maneno ya watu? Nimewahi kusambaza utani wa namna hiyo kwenye simu? Wiki hii nenda ukamwamkie mzee mmoja anayekwepwa mtaani kwenu. Akikukaribisha chakula, kaa ule.

Sala: Ee Bwana Yesu, mgeni wa Emau, utuondolee hofu isiyotoka kwako. Utufumbue macho tumtambue jirani kabla hatujamhukumu. Uwalinde wazee wetu. Amina.

Na jamani, kwenye basi ongeeni na simu taratibu.