Alizeti, Mtama na Njiwa: Somo kwa Wakulima wa Magunia, Olympic

Kilimo cha magunia kilienea Kibera kuanzia 2008, na kwa wengi wa Olympic kimekuwa ni sukuma wiki, spinachi na vitunguu. Mimea hiyo haimvutii sana njiwa. Jani la sukuma likitobolewa na ndege, wa kushukiwa kwanza ni kuzumburu, yule mwenye mkia mrefu na kishungi. Njiwa wa Uingereza ndiye mla majani: hushambulia kabichi wakati wa baridi, na wakulima wa huko humpiga risasi. Hua na tetere wa Nairobi hutafuta mbegu.

Mambo hubadilika mkulima anapojaribu zao jipya. Alizeti chache kando ya ukuta, mtama, wimbi, au terere iliyoachwa ikomae kwa ajili ya mbegu, zote ni karamu kwa njiwa. Mnana huning'inia kwenye suke na kula akiwa juu. Njiwa hupenda zaidi kutembea chini akiokota. Kwa hivyo anakuja mara mbili: siku mbegu inapopandwa juujuu, na wakati masuke yaliyokauka yanapoanza kupukutika au shina linapolala.

Wawindaji wanalijua hilo. Marekani wapo wanaopanda alizeti makusudi, kisha huifyeka ili mbegu zimwagike na njiwa wakusanyike mbele ya bunduki. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inaharamisha uwindaji wa burudani na pia wa kitoweo. Manati ya mtoto haibadilishi hilo. Tena si kila njiwa ni wa mwituni. Wengine wana mwenyewe, na banda lao liko juu ya paa la jirani.

Hatari kubwa kuliko manati ni sumu. Huko Bunyala, Kaunti ya Busia, watafiti walirekodi ndege wakitegwa kwa kabofurani, dawa ya kuua wadudu, kisha wakauzwa kama nyama. Katika mtaa uliobanana kama Olympic, nafaka yenye sumu italiwa na kuku wa mwenzako, na njiwa aliyeila anaweza kuruka akaangukia ua mwingine, mbele ya paka au mtoto mwenye njaa. Ndege aliyekutwa amekufa asipikwe, hata akionekana mnono.

Kinachofaa ni kumnyima njiwa mbegu. Fukia mbegu vizuri na ufunike udongo kwa nyasi kavu au kipande cha neti hadi miche itokeze. Kichwa cha alizeti kifungwe kitambaa chepesi petali zikishanyauka, si kabla, kwa sababu nyuki bado wanakihitaji. Mgongo wake ukigeuka kutoka kijani kuwa manjano na kuanza kahawia, kikate ukakaushie ndani. Anayengoja kikaukie shambani anamlimia ndege. Mtama nao uvunwe mara punje zinapokuwa ngumu. Kanda za kaseti na sidii zinazometameta husaidia siku chache tu, kisha njiwa huzizoea, kwa hiyo zihamishwe mara kwa mara.

Mbegu zilizomwagika zifagiliwe jioni ileile, wapewe kuku.