Mtoto wa Kutumwa Ana Akili Gani?

Maswali haya nimeulizwa na wazazi, walimu na wachuna majani chai kati ya Litein na Mogogosiek, mengi yakiwa kwenye kituo cha kununulia majani, watu wakingoja lori la kiwanda. Nimeyaacha jinsi yalivyokuja.

Daktari, kijana wangu wa Gredi ya 3 hapati alama, lakini nikimtuma kwa jirani hakosei. Shuleni wanasema ni mzito. Mimi naona ana akili. Nani amekosea?

Mama, wewe hujakosea. Kipsigis kina neno la akili hiyo: ng'om. Miaka ya 1970 Wamarekani wawili, Charles Super na Sara Harkness, walikaa katika kijiji cha Wakipsigis wanachokiita Kokwet kwenye maandishi yao, wakauliza wazazi mtoto mwenye ng'om ni yupi. Mama mmoja alimtaja msichana ambaye akishamaliza kula anafagia, anaosha vyombo, anatafuta mboga na kumtunza mtoto mchanga, bila mtu kumsimamia. Akili ya darasani wazazi hao waliiita kwa jina jingine, ng'om en sukul. Kwao hizo zilikuwa akili mbili.

Tazama safari ya kwenda kuomba panga tu. Mtoto wa miaka saba anafika ua wa jirani na kusikia sauti zimepanda ndani. Anasimama kando ya mlango, hakohoi. Zikishuka, anasalimia: chamgei. Anangoja aitikiwe na aulizwe mama yake hajambo, ndipo ataje panga. Akiambiwa panga lina mwenyewe na hayupo, anapaswa kupima kama hilo ni kweli au ni njia ya kumnyima kwa heshima. Akirudi nyumbani anakuambia maneno aliyopewa, na zile kelele anazinyamazia. Hapo amesoma hasira, amekisia nia, amejua jirani anajua nini na wewe hujui nini, kisha amechagua la kusema. Sijaona mtihani wa Gredi ya 3 unaodai hayo yote kwa dakika kumi.

Na hayo yote yanafanyika wapi kichwani?

Mahali pengi kwa pamoja. Juu kidogo na nyuma ya sikio pana sehemu inayochangamka tunapowaza mawazo ya mtu mwingine. Rebecca Saxe na Nancy Kanwisher waliionyesha mwaka 2003. Nyuma ya paji la uso pana sehemu ya kupima watu na kujizuia. Chini ya ubongo, hasa upande wa kulia, pana sehemu inayotambua nyuso, na ndani kabisa amigdala, inayogutuka haraka tukiona uso wa hofu. Zile picha za ubongo zenye madoa mekundu zisikudanganye ukadhani kila sehemu ni ofisi yenye mlango wake. Zinategemeana. Na kazi ni ya gharama: ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini unakula karibu asilimia 20 ya nishati yake.

Mtoto anajua lini kwamba mwingine anaweza kuwaza tofauti naye?

Kwa kawaida kati ya miaka minne na mitano. Heinz Wimmer na Josef Perner walibuni jaribio lake mwaka 1983, na mwaka 1991 Jeremy Avis na Paul Harris walichapisha matokeo ya jaribio la aina hiyo kwa watoto wa Wabaka wa Kameruni. Mtu mzima anapika kokwa za embe la porini, anaziacha kwenye chombo na kutoka. Mtoto anazihamisha, kisha anaulizwa: akirudi, atazitafuta wapi? Wengi wa miaka mitano walijua atazitafuta pale alipoziacha. Mdogo zaidi huelekea kudhani kwamba anachojua yeye kinajulikana na kila mtu, ndiyo maana hafai kutunza siri ya nyumba.

Mimi ni mwalimu. Nikiuliza swali, watoto wanainama na kunyamaza. Wanaelewa kweli?

Mwalimu, Harkness na Super walikutana na jambo hilo hilo, na mwaka 1977 wakaandika makala kueleza kwa nini watoto wa Kiafrika ni vigumu kuwapima. Watoto walisimuliwa hadithi fupi, wakaombwa wairudie. Wengi wa wale wadogo walinyamaza. Nyumbani, maneno mengi ambayo mtoto huelekezwa na mkubwa ni maagizo: leta, peleka, shika mtoto. Anapimwa kwa kuelewa na kutenda. Kumweleza mtu mzima kitu ambacho yeye mwenyewe amekisema sasa hivi kunaonekana ajabu, pengine hata ni utovu wa adabu.

Basi ule ukimya, kwa sehemu, ni kwamba mtoto amekusoma wewe. Ameona cheo, ameona fimbo au tabasamu, akachagua njia salama. Mpe amfundishe wa darasa la chini yake hesabu ile ile, ukae mbali usikilize. Wengi wana mazoezi ya kumwongoza mdogo, kwani ucheplakwet, yaani kulea mchanga mama akiwa shambani, unaanza mapema. Mtaala wa CBC, ulioenea nchini tangu 2019, unaweka mawasiliano na ushirikiano kati ya stadi zake saba za msingi. Ni jambo jema, ila tusiyapime kwa wingi wa maneno peke yake.

Karani akipima majani yangu, nikimwangalia machoni najua kama amenipunja. Ubongo si unasoma uongo?

Mzee wangu, hapo ubongo unajisifu bure. Macho yetu yana weupe mkubwa kuliko ya nyani, kwa hiyo ni rahisi kujua mtu anatazama wapi. Kujua kama anadanganya ni habari nyingine. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2006 yalikuta watu wanapatia kama asilimia 54, juu kidogo tu ya kurusha shilingi. Tazama mizani, usome kilo mwenyewe, uchukue risiti.

Baba yetu ana miaka 58. Hasahau kitu, lakini anatukana wageni na kucheka matangani. Watu wanasema amerogwa.

Poleni. Kuna ugonjwa unaokula sehemu ya mbele na ya kando ya ubongo, mara nyingi ukianza kati ya miaka 45 na 65. Kumbukumbu hubaki mwanzoni. Kinachotangulia kwenda ni aibu, huruma na kujizuia. Lakini pombe, jeraha la kichwa, uvimbe, kaswende au tezi ya shingo navyo huweza kumgeuza mtu, na baadhi ya hayo yanatibika. Mpelekeni hospitali, na aende naye mtu anayeishi naye, kwani mgonjwa mwenyewe atasema hana shida. Msibishane naye mbele za watu. Na kabla ya vipimo, msimruhusu auze shamba wala kutia sahihi mkopo.

Mjukuu wangu ana miaka miwili, haitiki jina na haonyeshi kitu kwa kidole. Mama yake analaumiwa eti hamwongeleshi.

Nyanya, lawama hizo ziishe leo. Kwanza apimwe masikio. Kama anasikia vizuri, huenda ni usonji, na usonji hautokani na malezi mabaya. Ubongo wake unawapokea watu kwa njia nyingine. Zamani tulisema watoto hawa hawaelewi wenzao. Mwaka 2012 Damian Milton, mtafiti ambaye mwenyewe ana usonji, alitukumbusha kwamba sisi nasi hatuwaelewi wao.

Usingoje hadi aanze shule. Ofisi ya elimu ya kaunti ndogo itakuelekeza kwenye kituo cha tathmini cha EARC. Vituo hivyo vilianzishwa Kenya mwaka 1984. Beba kitabu cha kliniki, na uende wewe mwenyewe pamoja na mama yake, kwa sababu wewe ndiye unayeshinda na mtoto yeye akiwa kwenye chai.