Ukialikwa kwenye kumbukumbu ya marehemu wa Kiyahudi

Rafiki yako Myahudi akikualika kumkumbuka marehemu baba yake, swali la kwanza si uvae nini, bali ni jioni ipi. Kumbukumbu hiyo ya kila mwaka, yarzaiti, hufuata kalenda ya Kiebrania, ambayo huhesabu miezi kwa mwandamo wa mwezi na kuongeza mwezi mzima mara 7 katika kila miaka 19, ili sikukuu zisihame majira yake. Aliyefariki mchana wa 26 Desemba 2024 alifariki tarehe 25 Kislev. Mwaka uliofuata siku hiyo iliangukia 15 Desemba, na mshumaa wa kumbukumbu uliwashwa jioni ya tarehe 14, maana siku huanza jua linapozama. Mtu wa pwani anayeuita usiku wa Alhamisi “usiku wa Ijumaa” hatapata taabu hapa. Angefariki baada ya jua kuzama, ingehesabiwa 26 Kislev. Basi usipige hesabu mwenyewe, muulize mwenyeji.

Mshumaa wa nyumbani huwaka kwa takriban saa 24. Usiuzime kwa kupuliza, hata kama wageni wameshaondoka. Huachwa uishe wenyewe.

Sala yenyewe, Kadishi, husomwa mbele ya watu wazima 10 wa Kiyahudi. Kwa Waothodoksi ni wanaume tu; jumuiya nyingine huhesabu wanawake pia. Wewe mgeni hutaikamilisha idadi hiyo, lakini kuwapo kwako kunathaminiwa. Mwanamume afunike kichwa. Kofia ndogo mara nyingi huwekwa mlangoni. Wengine wakiitikia amina, itikia nao. Usishangae usiposikia neno la kifo: Kadishi humtukuza Mungu mwanzo hadi mwisho. Jina la marehemu hutajwa katika sala nyingine, El Male Rahamim.

Mtoto humsomea mzazi wake Kadishi kwa miezi 11. Kwa nini si 12? Mapokeo husema hukumu ya waovu huchukua mwaka mzima, na hakuna mtoto anayetaka kumweka mzazi wake katika kundi hilo. Nampenda sana aliyeifikiria adabu hiyo.

Ukiwa sinagogini wakati wa Yizkori, sala ya marehemu ya siku kuu kama Yom Kippur, utaona baadhi ya watu wakitoka nje. Kwa desturi ya jumuiya nyingi, wenye wazazi hai hawakai ndani.

Kama msiba bado mbichi, familia hukaa shiva, siku 7 nyumbani. Hapa sisi tuliozoea kumimina pole mlangoni tujizuie: keti, mwache mfiwa aanze kuzungumza. Usipeleke maua. Chakula kinapokelewa vizuri, ila uliza kwanza kama nyumba hiyo hula kosha, yaani chakula kinachofuata sheria za Kiyahudi. Sufuria ya pilau uliyopika jikoni kwako inaweza kuwatia wenyeji katika aibu ya kuikataa. Sadaka kwa jina la marehemu haina mgogoro huo, na familia nyingi zitakuambia ipelekwe wapi.