Somo la Mwezi Huu: Maradhi Mapya na Njia ya Tabora



Mwezi huu tumeweka kando palilizi na uanikaji. Tangu yale ya Korona ya mwaka 2020 wengi wanataka kujua: maradhi mapya yakisikika mbali, na msimu u karibu, tutazame nini kwanza? Ili kulijibu swali hili twaenda mpaka Tabora. Njia ile ya zamani khabari zake ziliandikwa, na tena si njia ya wageni kwetu. Wanyamwezi wengi waliokuja kupalilia mikarafuu ya babu zetu walitoka pande zile.

Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ambako hongo ililipwa, ikaikata nyika ya Mgunda Mkali, ndipo ikafika Unyanyembe, yaani Tabora. Waliokwenda mbele zaidi walishika njia ya Ujiji. Burton na Speke walipofika huko tarehe 7 Novemba 1857 walikuwa wametembea siku 134 tangu pwani. Mwanachama na aiweke hesabu hiyo moyoni, maana somo lote limesimama juu yake.

Njiani Burton alipishana na msafara uliokwisha kupoteza watu hamsini kwa ndui. Wagonjwa walikokota miguu, wengine wamepofuka, na aliyeanguka hakuinuka tena, kwani hapakuwa na kijiji kilichokubali kumwingiza. Sisi hatuwalaumu wanakijiji kwa kuogopa. Ndui ilikuwa yaambukiza kweli, na hofu yao ilikuwa na akili ndani yake. Lakini kumkataza mtu kuingia ni jambo moja, na kumwacha afe bila ya maji ni jingine. Kibanda nje ya kijiji na mtungi mlangoni vingewalinda wao na kumsitiri yeye.

Sasa tufanye hesabu. Ndui hukaa mwilini kama siku kumi na mbili kabla ya kudhihiri, na mgonjwa huumwa wiki mbili tatu, kisha hupona au hufa. Basi mtu mmoja hakuweza kuichukua peke yake kutoka Bagamoyo mpaka Tabora. Ilirithishana: huyu akampa yule, kambi hii ikaipa kambi ile. Watu walisema ndui imekuja na msafara, na ni kweli, lakini ilikuwa imepita katika miili mingi, na kila kambi ilikuwa ni mahali ambapo ingeweza kukatwa.

Waarabu wa njia ile walijua namna ya kuchanja: walichukua usaha wa mgonjwa wakautia katika chale kati ya nyusi. Dawa hiyo ilikuwa na hatari yake, kwani aliyechanjwa aliweza kuugua sana na kuambukiza wenziwe. Chanjo iliyo salama zaidi ndiyo iliyoimaliza ndui, na Shirika la Afya Duniani likatangaza mwaka 1980 kwamba imetoweka ulimwenguni.

Likaja gari la moshi. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikifuata kwa sehemu kubwa njia ile ile ya wapagazi, na safari ya miezi ikawa ya siku. Mwishoni mwa 1918 ikazuka homa kuu ya mafua, ambayo mtu huipata leo na kuugua baada ya siku moja mpaka nne. Mpagazi wa zamani angelala nayo kambi ya tatu, yu mbali bado na Tabora. Abiria wa gari la moshi alishuka stesheni mzima, akasalimiana na jamaa, kesho yake akaugua. Mwenye ndui alionekana usoni. Mlinzi wa lango angemjua. Mwenye homa hii alipita akipeana mikono, maana huambukiza hata kabla mwenyewe hajajihisi.

Jeshi la von Lettow-Vorbeck liliweka silaha chini huko Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, na askari wake Waafrika pamoja na wapagazi wakapelekwa kwa meli ya ziwani na kwa reli mpaka Tabora, wakawekwa kambini. Watu waliochoka, wamerundikana, na homa imo. Wengi waliosalimika na miaka minne ya vita walikufa hapo. Homa ile ilikuwa na ajabu yake: ulimwenguni kote iliwaua sana watu wa miaka ishirini mpaka arubaini, yaani umri wa wachumaji wetu.

Waganga wa wakati ule hawakukijua kirusi chake. Kirusi cha mafua ya binadamu kiligunduliwa mwaka 1933. Swali lililotangulia vinywani lilikuwa, nani katuletea? Wazungu wakaiita homa ya Spain, na haikuanzia huko. Spain haikuwamo vitani, magazeti yake yakaandika wazi khabari ambazo wengine walizificha. Aliyesema kweli ndiye aliyebandikwa jina.

Korona ilikuja kwa ndege. Ilitangazwa Arusha tarehe 16 Machi 2020, na Zanzibar siku mbili baadaye. Mwanzoni tulipewa hesabu. Ilipofika wagonjwa 509 na vifo 21 kwa nchi nzima, hesabu zikanyamaza mwezi wa Mei. Watu hawakuacha kuuliza, ila waliacha kupata majibu, na uvumi ukajibu badala yake. Mapema mwaka 2021 chama cha Maalim Seif Sharif Hamad kilitangaza wazi kwamba ameugua Korona. Alifariki tarehe 17 Februari. Tangazo lile liliwasaidia watu kuliko minong'ono ya miezi.

Liko swali moja linalotuhusu sisi khasa. Katika siku zile karafuu zilitiwa vyunguni pamoja na tangawizi na malimau, watu wakajifukiza, na wako waliotaka kuziuza kuwa ni dawa ya Korona. Mafuta ya karafuu hutuliza jino linalouma, na mvuke huweza kumpa mwenye mafua nafuu kidogo. Kwamba karafuu huua kirusi mwilini au humkinga mtu, hapana ushahidi. Mwanachama asiuze kwa maneno hayo hata akiahidiwa bei maradufu. Mnunuzi akifiwa, jina litakalotajwa ni la karafuu zetu.

Basi tukisikia maradhi mapya, tuulize: yanapita njia gani, na hukaa siku ngapi mwilini kabla ya kuonekana? Dago ni kambi kama zile za Unyamwezi. Wachumaji hutoka mbali, hulala pamoja, hula chungu kimoja, na jioni hukaa bega kwa bega kwenye jamvi wakichambua. Kila dago liwe na kibanda cha pembeni, chenye maji na mtu wa kumtazama mgonjwa. Bwana Afya aitwe siku ile ile, si baada ya kupima. Na mchumaji anayeugua asikatwe posho, maana akijua atakatwa ataficha kikohozi chake mpaka wenziwe wote wakohoe.

Tena katika daftari lile lile la pishi, mbele ya jina la kila mchumaji, iandikwe alikotoka na siku aliyofika.