Insha za Watoto wa Kiungani: Shule ya Misheni na Tawasifu ya Kiswahili

Utangulizi

Katika mijadala kuhusu historia ya nathari ya Kiswahili, tawasifu huhusishwa kwanza na jina moja: Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip. Mfanyabiashara huyo wa pembe za ndovu na watumwa aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, akitumia hati za Kiarabu. Heinrich Brode alizichapisha pamoja na tafsiri ya Kijerumani katika miaka ya 1902 na 1903. Hadi leo mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuisoma matini hiyo katika lugha yake ya asili na kupima uteuzi wa maneno wa mwandishi.

Hata hivyo, zaidi ya miaka kumi kabla ya hapo, watoto wa shule katika kisiwa cha Unguja walikuwa wamekwisha kuandika habari za maisha yao kwa lugha iyo hiyo. Hao hawakuwa wafanyabiashara wa watumwa, bali walikuwa wale waliouzwa. Shule yao iliitwa Kiungani. Masimulizi yao yalichapishwa London mwaka 1887, lakini kwa Kiingereza.

Makala haya yanachunguza maisha ya masomo katika shule hiyo ya kimisheni na namna yalivyozaa insha hizo. Hoja kuu ni kwamba insha ya darasani, ambayo mara nyingi hupuuzwa na wahakiki kwa kuwa ni zoezi tu la mwanafunzi, inastahili nafasi katika historia ya tawasifu ya Kiswahili, na kwamba kuikosa matini yake ya Kiswahili ni hasara kwa taaluma nzima.

Chimbuko la Shule

Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati ilizaliwa kutokana na wito alioutoa David Livingstone katika Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1857. Jaribio lake la kwanza, katika bonde la mto Shire, lilishindwa. Askofu wa kwanza, Charles Frederick Mackenzie, alifia huko mwaka 1862. Mrithi wake, William George Tozer, aliihamishia kazi hiyo Unguja mwaka 1864 akifuatana na Edward Steere. Mwaka huo huo Sultani Majid aliwakabidhi wavulana watano waliokuwa watumwa. Hao ndio waliokuwa wanafunzi wa mwanzo.

Idadi yao iliongezeka kadiri manowari za Waingereza zilivyokamata majahazi yaliyosafirisha watumwa kwa magendo. Watoto waliotolewa majahazini walihitaji mahali pa kulelewa, na misheni ikawa mojawapo ya mahali hapo. Wavulana walisomea Kiungani, kusini mwa mji wa Unguja, na wasichana wakawa na shule yao Mbweni. Jina lenyewe la Kiungani linafaa kuzingatiwa: kiunga ni sehemu iliyo pembezoni mwa mji. Watoto hao waliwekwa karibu na mji, lakini hawakuwa watu wa mji.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Mahali pale pale misheni ilijenga kanisa kuu. Baadaye Kiungani iliwapokea pia vijana waliozaliwa huru kutoka bara, hususan kutoka vituo vya Magila na Masasi. Kwa hiyo, shule iliyoanza kama makimbilio iligeuka kuwa chuo cha kuwaandaa walimu na makasisi.

Masomo, Kazi na Maisha ya Bweni

Maisha ya Kiungani yaligawanywa baina ya ibada, darasa na kazi za mikono. Wanafunzi walijifunza kusoma, kuandika, hesabu na maandiko matakatifu. Kazi iliyo na uzito wa pekee kwa mwanaisimu ni ile ya kupiga chapa. Misheni ilikuwa na mtambo wake, na wavulana walifunzwa kupanga herufi moja moja na kuchapa vitabu walivyovitumia wenyewe darasani na kanisani. Mtoto aliyepanga herufi za neno la Kiswahili alilazimika kujua linavyoandikwa. Kabla ya kuwapo kwa kamati yoyote ya kusanifisha lugha, vidole vya watoto hao vilikuwa vikishiriki katika kuimarisha maandishi ya Kiswahili kwa hati za Kirumi.

Steere mwenyewe alichapisha kitabu cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, pamoja na mkusanyiko wa hadithi za wenyeji. Mwalimu mwingine, Arthur Cornwallis Madan, alichapisha kamusi ya Kiingereza na Kiswahili mwaka 1894 na ile ya Kiswahili na Kiingereza mwaka 1903. Kamusi hizo ndizo zilizokuwa msingi wa zile zilizotolewa mwaka 1939 chini ya Frederick Johnson. Lahaja ya Kiunguja ilipoteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, maandishi ya misheni hii yalikuwa yamekwisha kuandaa njia.

Wanafunzi wenyewe hawakuwa Waswahili. Miongoni mwao walikuwamo Wayao, Wamakua na Wanyasa, na bweni moja lilikuwa na lugha nyingi. Kiswahili ndicho kilichowawezesha kuelewana, kuombea pamoja na kusomea. Kilikuwa lugha ya pili kwa takriban wote, na wengi wao walianza kukisikia vinywani mwa watu waliowapeleka pwani.

Insha ya Maisha

Katika mazingira hayo wanafunzi waliandika habari zao: walikozaliwa, namna walivyotekwa, walivyouzwa kutoka kwa bwana mmoja hadi mwingine, safari ya kwenda pwani, jahazi, na hatimaye kufika misheni. Madan alizikusanya, akazitafsiri na kuzihariri, kisha zikatolewa London mwaka 1887 katika kitabu kilichobeba jina la shule yenyewe. Ukurasa wa jina unamtaja Madan kuwa mfasiri na mhariri. Waandishi wanatajwa kwa jumla tu kuwa ni wavulana wa shule za misheni.

Ili kuelewa uzito wa kazi waliyoifanya, ni vyema kutazama msamiati ambao lugha hiyo iliwapa. Neno mtumwa linatokana na kitenzi kutuma: ni yule anayetumwa, asiye na safari yake mwenyewe. Neno mateka linatokana na kuteka: humweka mtu katika fungu moja na vitu vilivyoporwa. Neno mshenzi, kwa matumizi ya Unguja ya karne ya 19, lilimrejelea mtu wa bara ambaye watu wa pwani hawakumhesabu kuwa mstaarabu. Kinyume chake kilikuwa mwungwana. Maneno haya hayakuwa vyombo vitupu. Kila moja lilikuwa na hukumu ndani yake, na hukumu hiyo ilitolewa na upande ulionunua.

Mtoto wa Kiungani alipoketi kuandika alikuwa akitumia lugha ambayo kwayo yeye mwenyewe aliitwa mshenzi. Kwa lugha iyo hiyo alisema kwamba alikuwa na mama, na kwamba kijiji chake kilikuwa na jina. Hapa ndipo thamani ya insha hizo kifasihi inapojitokeza. Mwandishi anaichukua lugha iliyomfanya kuwa kitu na kuitumia kujithibitisha kuwa mtu.

Mikono Mitatu katika Matini Moja

Hata hivyo, mhakiki hana budi kuwa na tahadhari. Matini iliyopo inapitia mikono mitatu, na kila mkono umeacha alama yake.

Mkono wa kwanza ni wa mtoto. Huyu anaandika kwa kumbukumbu ya utotoni, kwa lugha aliyojifunza ukubwani kidogo. Mambo mengine hakuyaelewa yalipotukia, na mengine huenda hakuwa tayari kuyasema. Wahenga walisema kwamba mwenye kovu usidhani kapoa. Ukimya katika insha ya namna hii ni sehemu ya maana yake, wala si upungufu wa ufundi.

Mkono wa pili ni wa mwalimu. Insha ni kazi ya darasani, na mwanafunzi huandika akijua nani atakayeisoma. Masimulizi yanayoishia misheni yana umbo linalofanana na mafundisho ya kanisa: giza kwanza, nuru baadaye. Haina maana kwamba mtoto alisema uongo. Alipewa mwisho wa hadithi kabla ya kuianza, na hilo lingeweza kuathiri uteuzi wa matukio na namna ya kuyapanga.

Mkono wa tatu ni wa mfasiri, ambaye aliwaandikia wasomaji wa Uingereza, miongoni mwao wafadhili wa misheni. Katika tafsiri, tofauti kati ya mtumwa, mateka na mshenzi inaweza kupotea. Je, mtoto aliandika kwamba aliuzwa, au kwamba walimwuza? Katika Kiswahili, kauli ya kutendwa humficha mtenda, nayo kauli ya kutenda humtaja. Swali dogo la sarufi kama hili linabeba swali kubwa la lawama, na jibu lake haliwezi kupatikana katika Kiingereza cha Madan.

Watu wa Njia Moja

Ulinganisho na Tippu Tip unaidhihirisha hasara hii. Yeye na watoto wa Kiungani walipita katika mfumo mmoja wa biashara, mmoja akiwa kiongozi wa msafara na wengine wakiwa bidhaa. Tawasifu yake hushughulika na safari, vita, madeni na faida, nayo inasimuliwa na mtu mzima anayejua njia zote. Mtoto hakujua njia. Alijua tu kwamba kila siku alikuwa mbali zaidi na kwao. Historia ya tawasifu ikianza na mfanyabiashara peke yake, msomaji atakuwa amesikia upande mmoja wa kesi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kwa upande wa Kenya, mwangwi wa masimulizi haya unasikika katika Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichochapishwa mwaka 1934. Mbotela alitoka katika jamii ya Freretown, makao ya watumwa waliokombolewa yaliyoanzishwa karibu na Mombasa mwaka 1875 na misheni nyingine ya Kianglikana. Wahakiki wamekilaumu kitabu hicho kwa kuwasifu Waingereza mno na kuwatwika Waarabu lawama yote. Lawama hiyo ina msingi, ila umbo la kitabu hicho halikuzuka ghafla. Mtiririko wake, kuanzia kutekwa hadi kukombolewa, ndio uliokuwa umefundishwa na kurudiwa katika shule za misheni kwa nusu karne. Kumsoma Mbotela bila kuzifikiria insha za Kiungani ni kusoma sura ya pili ya kitabu na kuiacha ya kwanza.

Wala Kiungani haikuishia katika insha. Jarida la Msimulizi, lililoanza kuchapishwa na misheni hiyo Unguja mwaka 1888, liliwapa walimu na wanafunzi Waafrika nafasi ya kuandika habari za vituo vyao. Cecil Majaliwa, mtumwa aliyekombolewa akasomea Kiungani, alipewa ukasisi mwaka 1890 na kutumikia kusini mwa Tanzania ya leo. Mwaka 1925 kazi ya chuo hicho ilihamishiwa Minaki, bara.

Funzo kwa Darasa la Leo

Mwalimu wa Kiswahili nchini Kenya anaweza kuuliza historia hii inamhusu vipi. Tangu mwaka 2023 wanafunzi wa Gredi ya 7 hadi ya 9 wamekuwa katika sekondari msingi, na shule nyingi za ngazi hiyo zina uhusiano na makanisa. Umri wao haupishani sana na ule wa wavulana wengi wa Kiungani. Nao pia huandika insha katika lugha ambayo kwa wengi si ya kwanza.

Mazoea yaliyojengwa na mtihani wa KCPE, uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, yalimfundisha mwanafunzi kukariri mianzo ya kupendeza, misemo na methali, kisha kuvipachika katika kila mada. Matokeo yake ni insha ambayo jogoo huwika, jua huchomoza na ndege huimba, lakini mwandishi mwenyewe haonekani. Ukwasi wa lugha ni jambo jema. Kasoro hujitokeza pale pambo linapochukua nafasi ya jambo. Mtoto aliyehamishwa na mafuriko, au anayelelewa na nyanya yake, ana la kusema ambalo hakuna kitabu cha misemo kinachoweza kumpa.

Aidha, mwalimu anayesahihisha anapaswa kukumbuka ule mkono wa pili. Akionyesha mapema mwisho anaoutaka, mwanafunzi atamwandikia huo. Akisahihisha sarufi na kuuacha ushuhuda usimame, atakuwa amemfunza mwandishi. Na nakala asilia ihifadhiwe: insha inayotupwa mwisho wa muhula huenda ndiyo matini ambayo mtafiti wa kesho ataitafuta.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Kiungani haikuwa mahali pa kufundishia dini na ufundi tu, bali pia mahali ambapo watoto wa lugha nyingi walikifanya Kiswahili kuwa chombo cha kujisimulia. Yameonyesha pia kwamba sauti zao zimefika zikiwa zimepungua, kwa kuwa zimefika kwa lugha nyingine na chini ya jina la mtu mwingine. Wanafunzi wa Kiswahili wana kazi mbili mbele yao. Ya kwanza ni kuisoma tafsiri ya 1887 kwa jicho la mwanaisimu, wakikitafuta Kiswahili kilicho chini yake. Ya pili ni kufungua mlango wa historia ya tawasifu ili wavulana wale waingie pamoja na Tippu Tip, wasiachwe tena kiungani.