Godoro na Kitanda cha Wanandoa





Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya sala ya familia, malezi ya watoto na matumizi ya pesa nyumbani. Leo somo letu ni godoro. Tafadhali msicheke, wala msigeuze ukurasa. Jambo hili hutajwa kwa nadra katika semina za ndoa, lakini linaumiza ndoa nyingi kimyakimya.

Fikirini nyumba ya chumba kimoja kule Kayole au Changamwe. Kitanda cha wazazi kiko upande huu wa pazia, na watoto watatu wamelala upande ule. Au fikirini nyumba ya kijijini ambayo ukuta wa ndani haufiki juu kwenye mabati. Kila baba akigeuka, kitanda kinalia. Mama anashtuka na kunong'ona, "Watoto watasikia." Leo wanaahirisha, kesho kutwa wanaahirisha tena. Baada ya miezi sita mama amezoea kulala na mtoto mdogo, na baba amezoea kuchelewa kurudi nyumbani. Hawakugombana. Hakuna aliyemkosea mwenzake. Lakini kila mmoja anafikiri moyoni mwake kwamba mwenzake hamtaki tena. Kumbe mwenye makosa ni bolti mbili zilizolegea na godoro lililokwisha nguvu.

Je, inafaa Mkristo ajali jambo kama hili?

Inafaa sana. Mtakatifu Paulo, katika sura ya saba ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, anawaonya mume na mke wasinyimane haki ya ndoa. Wakitaka kuacha, waache kwa kupatana, kwa muda, wapate nafasi ya kusali. Kelele za kitanda hakuzitaja kuwa sababu.

Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano nao waliliona jambo hili. Katika hati juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo ya mwaka 1965, namba 51, walieleza kwamba ukaribu wa mume na mke ukikatika, uaminifu wao unaweza kuingia hatarini, na malezi ya watoto nayo yakaathirika. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 2362, inafundisha kwamba tendo la ndoa ni jambo la heshima, na kwamba furaha iliyomo ndani yake imetoka kwa Muumba mwenyewe. Kwa hiyo wanaotafuta kitanda kitulivu na godoro zuri hawatafuti anasa. Wanakilinda kiapo walichokula mbele ya altare.

Tena kuna wale wanaofuata njia ya asili ya kupanga uzazi. Hao wanajua kuwa siku zao za kukaribiana zimehesabiwa. Siku hizo zikipotea kwa sababu ya hofu ya kelele, watu huanza kuilaumu njia yenyewe, hali njia haina kosa.

Kwanza tafuteni kelele inatoka wapi

Wengi hukimbilia dukani kununua godoro jipya, wakaliweka juu ya kitanda kile kile, na kelele ikaendelea. Mara nyingi kinacholia ni kitanda. Basi kabla ya kutoa hata shilingi moja, fanyeni jaribio hili mchana, watoto wakiwa shuleni.

Toeni godoro, mliweke sakafuni, mlale juu yake na kugeukageuka. Kama liko kimya, godoro halina neno. Kisha shikeni kitanda upande wa mchago, mkitikise taratibu huku mmoja wenu akiinama kusikiliza. Sikilizeni maungio ya tendegu na mifumbati. Baadaye bonyezeni chaga moja moja kwa mkono. Hapo mtamjua mwenye makosa.

Tengenezeni kitanda mlicho nacho

1. Kazeni bolti zote kwa spana. Bolti ikikataa kukaza, ongezeni washa chini ya nati.

2. Kitanda kilichopigiliwa misumari hulegea upesi, kwa sababu msumari hutoka kidogo kidogo kila kitanda kinapotikisika. Mwambieni seremala aondoe misumari ya kwenye maungio na kutia gundi ya mbao na skrubu.

3. Mbao zikisuguana hulia. Kateni tyubu kuukuu ya baiskeli, au kipande cha blanketi, mkitandike juu ya mfumbati pale ncha za chaga zinapokaa. Pengine hata kupaka nta ya mshumaa panatosha. Msitie mafuta ya kupikia kwenye mbao, kwani yatachafua godoro na kuwaita wadudu.

4. Hesabuni chaga. Nafasi kati ya chaga moja na nyingine isizidi sentimita 7 hivi. Zikiachana sana, godoro huzama katikati yake na kuharibika kabla ya wakati. Kitanda cha futi 5 au 6 kwa upana kinahitaji mguu mmoja wa kati wa kuzibeba chaga.

5. Sakafu ikiwa si sawa, tendegu moja hubaki hewani na kugongagonga. Wekeni kipande cha mpira chini yake.

6. Vuteni kitanda kiache nafasi ya kiganja kimoja kutoka ukutani. Ukuta wa mabati au mbao hubeba sauti mpaka kwa jirani.

7. Kitanda cha chuma kikazwe kila maungio, na pale chuma kinapokutana na chuma pawekwe mpira.

Kazi hii ni ya nusu siku. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Godoro lipi ni tulivu?

Kama godoro ndilo lenye makosa, yafahamuni magodoro yenyewe kabla ya kununua.

Godoro la sponji halina chuma ndani, kwa hiyo halilii. Ubaya wake ni kwamba sponji nyepesi hubonyea mapema na kufanya bonde. Mume akiwa mzito na mke mwepesi, mke huteremkia bondeni usiku kucha na kuamka amechoka. Nunueni sponji nzito. Uzito huo hupimwa kwa kilo katika mita moja ya ujazo. Kwa watu wazima wawili, tafuteni kuanzia kilo 25 kwenda juu. Mnaweza kuuhakikisha kwa mizani. Godoro la futi 5 kwa 6, lenye unene wa inchi 8, lina ujazo wa karibu mita 0.57. Likiwa la kilo 25 kwa mita ya ujazo, litakuwa na uzito wa kilo 14 hivi. Mkiambiwa ni zito na mizani inasoma kilo 10, hilo ni sponji ya kilo 18 au pungufu.

Godoro la springi liko la aina mbili. Katika aina ya kwanza springi zote zimefungwa pamoja kwa waya. Mmoja akijigeuza, mwenzake anatikiswa, na likizeeka huanza kulia. Katika aina ya pili kila springi imeshonewa ndani ya mfuko wake wa kitambaa. Hilo ni tulivu zaidi na halimwamshi mwenzako, lakini bei yake iko juu.

Godoro la nyuzi za nazi ni gumu, liko kimya, na hewa hupita ndani yake. Linawafaa watu wa maeneo ya joto kama Mombasa na Malindi. Godoro la sufi au pamba pia halilii, ila hujikusanya mabonge, na huhitaji kufunguliwa na kuchambuliwa mara kwa mara.

Kuna pia sponji ya kisasa inayobonyea polepole na kufuata umbo la mwili. Haina kelele wala mtikisiko. Lakini hutunza joto, na mtu akishazama ndani yake, kujigeuza huwa kazi. Wanandoa wengi huona linawafaa zaidi godoro linaloinuka upesi baada ya kubonyezwa.

Ugumu na ukubwa

Watu wengi huamini kwamba godoro gumu kama ubao ndilo dawa ya kiuno. Mwaka 2003 jarida la udaktari The Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Uhispania kwa watu 313 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu. Baada ya siku 90, waliolalia godoro la ugumu wa kadiri walikuwa na nafuu kuliko waliolalia godoro gumu. Kiuno kinachouma ni sababu nyingine ya mke au mume kukataa bila kusema kwa nini. Basi chagueni la kadiri. Mama mjamzito, anayelala kwa ubavu, atawashukuru.

Kuhusu upana, godoro la futi 4 humpa kila mmoja futi 2 tu. La futi 5 humpa kila mmoja futi 2 na nusu. Unene usipungue inchi 8, la sivyo mtazihisi chaga mgongoni. Pimeni ndani ya mifumbati kabla ya kwenda dukani, maana godoro linalobanwa hupinda, na lililo dogo huteleza na kusugua mbao.

Mkienda dukani

Nendeni wawili. Baba asinunue peke yake akalileta kama zawadi, wala mama asiachiwe kazi hiyo kwa sababu ni vyombo vya nyumbani. Miili itakayolala hapo ni miwili.

Vueni viatu, mlale kwa dakika kumi, kila mmoja upande wake. Mmoja ajigeuze, mwingine aseme kama ametikisika. Kaeni ukingoni muone kama linaporomoka. Muuza duka akitabasamu, mwacheni atabasamu. Angalieni alama ya ubora ya shirika la viwango, KEBS, na muulize dhamana ni ya miaka mingapi. Risiti itunzwe.

Jihadharini na godoro lililotumika. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na methali hii hapa ni kweli tupu. Kunguni hujificha kwenye mishono, na akishaingia nyumbani kumtoa ni gharama kuliko akiba mliyofanya.

Pesa zikiwa chache

Tengenezeni kitanda kwanza, kisha wekeni akiba ya godoro kidogo kidogo, hata kupitia chama. Msikope kwa riba kubwa, maana deni nalo hufukuza usingizi. Wakati mnangoja, mnaweza kulaza godoro sakafuni juu ya mkeka. Hapo halitalia. Ila liinueni kila asubuhi lipate hewa, kwani unyevu wa sakafu huleta ukungu. Na la kitandani ligeuzwe kila baada ya miezi mitatu, kichwani kuwe miguuni.

Marehemu Papa Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2016 juu ya furaha ya upendo, alikiri kwamba ukosefu wa makazi mazuri ni mzigo kwa familia. Kanisa linajua kuwa wengi wenu mnaishi chumba kimoja. Basi fanyeni mnaloweza. Wekeni pazia zito, watoto wapate mahali pao pa kulala tangu wakiwa wadogo, na walale mapema kwa saa inayojulikana. Staha mbele ya watoto ni wajibu wa wazazi. Lakini staha hiyo isigeuke ukuta kati ya baba na mama.

Semezaneni

Godoro jipya halitaponya ndoa ambayo wawili hawazungumzi. Mama, kama ni kelele inayokuzuia, mwambie mumeo hivyo, asije akadhani umemchoka. Baba, mkeo akisema kitanda kinalia, usimjibu kwa hasira. Tafuta spana.

Kitabu cha kale cha ibada za Kanisa, Rituale Romanum, kina sala ya kubariki chumba cha maarusi. Tena katika Kitabu cha Tobiti tunasoma kwamba Tobia na Sara, usiku wao wa kwanza, waliinuka kitandani wakasali kwanza. Nanyi mkishalitandika godoro lenu, pigeni magoti kando yake mkasali pamoja, hata kama ni Baba Yetu moja tu. Kisha laleni kwa amani.

Maswali ya kujadili nyumbani, mume na mke peke yao

1. Je, kuna jambo katika chumba chetu linalotuzuia kukaribiana, na ambalo hatujawahi kulitaja?

2. Kitanda chetu kinahitaji nini wiki hii, na nani atakifanya?

3. Watoto wetu wanalala wapi, na saa ngapi?

4. Mara ya mwisho tulisali pamoja chumbani, sisi wawili tu, ilikuwa lini?

Mungu azibariki ndoa zenu.