Somo kwa Wasimamizi: Hofu Isiyojibiwa Huzaa Hasira

Kisa cha kwanza cha COVID-19 nchini Kenya kilitangazwa Machi 13, 2020. Kwa kuwa Katiba ya 2010 iliweka vituo vya afya na zahanati chini ya serikali za kaunti, wahudumu wengi waliokabiliana na ugonjwa huo walikuwa waajiriwa wa kaunti. Mwezi Desemba mwaka huo, wauguzi na maafisa wa kliniki waligoma, na madaktari wakafuata. Miongoni mwa madai yao yalikuwa vifaa vya kujikinga na bima ya afya. Nyuma ya madai hayo kulikuwa pia na hisia, na kila msimamizi anafaa kuzielewa.

Hofu na hasira si kitu kimoja

Hofu hutazama mbele. Mhudumu hujiuliza: "Nikiambukizwa, nani atanitibu? Nitawapelekea wanangu ugonjwa?" Mwenye hofu bado hajamlaumu mtu, anatafuta majibu. Hasira hutazama nyuma na kumtafuta mkosaji. Huzuka mtu anapoamini kwamba hatari ingezuiwa, lakini mwenye wajibu hakujali.

Mfano

Chukua wauguzi wawili katika vituo viwili, kila mmoja akipewa barakoa moja kwa zamu nzima. Wa kwanza ameelezwa na msimamizi wake kuwa stoo ina barakoa za siku tatu, nyingine zimeagizwa, na wanaohudumia wagonjwa waliotengwa watapewa kwanza. Wa pili hajaambiwa lolote, kisha anamwona mkubwa wa ofisi akipita na barakoa bora kuliko yake.

Uhaba ni ule ule. Hata hivyo, wa kwanza atasema, "Tumebanwa." Wa pili atasema, "Hawatujali." Kwa wa kwanza, taasisi bado ni "sisi", kwa wa pili imekuwa "wao". Mgonjwa akiisha kupona na barakoa zikijaa stoo, neno hilo "wao" huenda likabaki.

La kufanya

• Toa taarifa mapema na kwa saa inayojulikana, hata kama habari si njema. Pengo la taarifa hujazwa na uvumi wa WhatsApp.

• Gawa vifaa kulingana na hatari ya kazi wala si cheo, na ueleze utaratibu huo hadharani.

• Sikiliza kabla ya kujitetea. Andika lalamiko, taja atakayelishughulikia, na urudi na jibu.

• Usitumie sifa badala ya haki. Anayeitwa shujaa huku marupurupu yake yamechelewa huona anadhihakiwa.

Maswali ya mkutano wa idara

1. Wafanyakazi wetu wanaogopa nini kwa sasa, na tumejuaje?

2. Dharura ikitokea leo usiku, nani atawapa taarifa ya kwanza?

3. Wakizungumzia idara hii, wao husema "sisi" au "wao"?